Wa Arobaini Kati ya Arobaini

Jumatatu, 18 Novemba

Mimi ni wa arobaini. Klabu ya besiboli inaruhusiwa kuwa na majina arobaini kwenye orodha yake ya majira ya baridi, basi, na langu ndilo la mwisho. Hakuna aliyeandika hivyo popote. Kila mtu anajua tu.

Kesho jioni ndiyo mwisho wa kuingiza chipukizi kwenye orodha, na Louisville, klabu yangu, wanataka kumwingiza Wilkin Almonte. Miaka ishirini, kijana wa Santo Domingo, mdakaji. Mdakaji! Kama mimi. Anachuchumaa pale pale ninapochuchumaa mimi, nyuma ya mpigaji, isipokuwa magoti yake hayalii.

Nani alimfundisha kiangazi kizima? Mimi. Na nani alijaza fomu yake mwezi wa tisa? Mimi! Klabu huwapa wakongwe fomu za kuwapima vijana: mkono, miguu, utulivu, tabia. Alama zinaanzia ishirini na kuishia themanini, na mtu asiniulize kwa nini. Chini kabisa kuna swali: Yuko tayari kuchukua nafasi ya nani?

Nikaandika: Yangu.

Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimekunywa kahawa. Nilipomsimulia Britta alishika kichwa. "Si ungeacha wazi, Denny? Watu wazima huacha wazi!" Mke wangu ni mwalimu wa darasa la tatu, anazijua fomu.

Tuko chumba cha chini nyumbani kwa wazazi wake, hapa Tamarack Falls, kama kila majira ya baridi. Miaka saba ya ndoa, nyumba kumi na nne. Mapazia aliyonunua Britta mwaka wa kwanza bado yamo ndani ya pakiti yake. Nimemwahidi kwamba huu ndio mwisho: nikitolewa na asiniokote mtu, naacha kucheza. Nilisema kwa sauti ya kishujaa.

Jumanne, 19 Novemba

Saa kumi na moja na dakika sita jioni. Simu ya dakika moja na nusu.

Nimetolewa. Bwana wa klabu alisema kwa upole kabisa kwamba fomu yangu ndiyo iliyowasaidia kuamua. Asante sana!

Sasa ni siku za kuning'inia. Klabu nyingine ikinitaka, inanichukua. Zisiponitaka zote, nje.

Usiku huu Wilkin kaniandikia: "Kaka Denny, NIMEINGIA!! Sijui wamemtoa nani?" Nikamjibu: Mzee mmoja hivi. Hongera.

Ijumaa, 22 Novemba

Portland wamenichukua! Nimepiga kelele mpaka mama mkwe akaja na ufagio akidhani ni panya.

Baba mkwe, Verlyn, hakupiga kelele. Alivaa koti, akachukua ngazi na kopo la rangi, akatoka kwenye theluji. Yeye ni tarishi mstaafu na mwenyekiti wa baraza la mji, na lile bango la njia kuu ni kazi ya mikono yake: TAMARACK FALLS. WATU 2,114. NYUMBANI KWA DENNY KOWALKE WA LOUISVILLE. Amefuta Louisville. Ameandika Portland. Rangi ilikuwa inaganda kwenye brashi, ameipasha moto kwa pumzi yake.

"Mtu lazima awe na anwani," aliniambia. Sijawahi kufika Portland maishani.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Mama mkwe, Arlys, aliagiza kofia za Portland, kumi na mbili, za kijani. Watu kumi na wawili mezani wamevaa kofia, na bata mzinga katikati akitutazama sote kama vichaa.

Shemeji Curt, kaka yake Britta, alisoma kwa sauti orodha ya chipukizi thelathini bora wa Portland. Namba moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. "Shemeji, jina lako halimo. Nimetafuta mpaka kwenye tangazo la matairi."

"Mimi nina miaka ishirini na tisa, Curt. Si chipukizi tena. Mimi ni kisiki."

Verlyn akainuka, akaenda kwenye friji, akarudi na kile kipande cha gazeti cha miaka saba iliyopita. Chipukizi namba nane wa Louisville: D. Kowalke. Kimeshikizwa pale na sumaku yenye umbo la jibini tangu harusi yetu. Akakiweka mbele ya Curt karibu na mchuzi. Curt akala.

Jambo moja limenikaa moyoni. Meza ya pai ina nafasi sita. Mama mkwe ametoa pai ya shangazi Lorna ili kupisha ya mpwa wake, "ana mkono mwepesi, na bado mdogo." Shangazi Lorna akatabasamu, akasema anaelewa kabisa. Nilikula vipande vitatu vya pai yake jikoni, nimesimama. Ilikuwa kavu kweli.

Jumatano, 11 Desemba

Portland wamesajili mrushaji kutoka Japani. Anahitaji nafasi kwenye orodha. Kisia ya nani.

Taarifa yao: "Tunamshukuru Denny kwa yote aliyoifanyia klabu." Yote! Niliwatumia saizi ya suruali tu.

Kofia kumi na mbili za kijani. Arlys anauliza kama zinafaa kuatikia mbegu za nyanya.

Jumamosi, 14 Desemba

Buffalo sasa. Safari hii sikupiga kelele. Nilisema tu "Buffalo" nikiwa ngazini, na juu wakaitikia "Haya."

Verlyn amebadilisha mfumo. Rangi haishiki kwenye baridi hii, basi amepigilia ndoano mbili, na jina la klabu linaning'inia kwenye kibao chake peke yake. Unatoa hiki, unatundika kile. Baraza limempongeza kwa ubunifu.

Nilikwenda gereji kutafuta koleo la theluji nikakuta vibao vingine. Ishirini na saba! Klabu zote zilizobaki za ligi, vimeshapigwa rangi, vimepangwa kwa alfabeti kama barua. Niliumia. Kisha nikacheka. Kisha nikaumia tena.

"Ni tahadhari tu, mwanangu," alisema nyuma yangu. Uso umemwiva.

Jumatano, 8 Januari

Orodha kubwa imetoka: chipukizi mia moja wa nchi nzima. Imetungwa na bwana mmoja ambaye, kwa picha yake, mpira umewahi kumkaribia mara moja tu na akainama.

Wilkin ni wa kwanza. Wa kwanza kati ya mia! "Utulivu wa mikono yake," ameandika bwana yule, "ni kipaji cha kuzaliwa."

Cha kuzaliwa! Wiki tatu nilimrushia mayai mabichi nyuma ya hoteli ili ajifunze kupokea bila kugonga. Kipaji hicho cha kuzaliwa kilimaliza trei nne. Mpishi alitaka kutuitia polisi.

Wilkin amepiga simu. "Kaka, niliwaambia waandishi ni wewe. Nilitaja jina, nikawaandikia na herufi zake. Hawakulichapisha." Alikuwa karibu kulia. Nikamwambia asiwe mjinga, aende akakimbie.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nimefurahi. Nimefurahi kuliko siku ile nilipokuwa namba nane mimi mwenyewe. Nimelisoma jina lake mara tano hivi. Halafu nikaogopa, maana mchezaji hafurahi namna hii kwa ajili ya mwenzake. Anayefurahi hivi ni mtu mwingine.

Ijumaa, 31 Januari

Buffalo wamenitoa. "Tunamshukuru Denny kwa yote aliyoifanyia klabu." Neno kwa neno! Wamebadilisha mji tu. Nadhani wana kiwanda kimoja.

Muda wangu wa kuning'inia unaisha Ijumaa ijayo, saa kumi na moja jioni.

Kisha saa nane simu nyingine — Louisville! Mkurugenzi mwenyewe. "Denny, tunakutaka." Nilikaa chini, juu ya kapu la nguo. "Si kama mchezaji," akaendelea. Wanataka kocha wa wadakaji wachanga. Kazi ya mwaka mzima, mahali pamoja, nyumba ipo. Wamesoma fomu zangu zote. Anasema hajawahi kuona mkongwe anayeandika ukweli hata unapomchoma. Jibu wanalitaka Ijumaa hiyo hiyo, kabla ya saa ile ile, maana nafasi yenyewe ina watu wanaoisubiri.

Wakala wangu, Sheldon, karibu avunje simu. "Usijibu! Nasikia harufu, Denny. Kuna klabu inanukia." Nimeishi na pua ya Sheldon miaka saba. Ila mwaka wa tatu ilinusa kweli, ndiyo shida.

Nimemweleza Britta yote. Hakusema nenda wala kaa. Baadaye nilimwona chumbani ameshika pakiti ya mapazia, anapima upana wake kwa shubiri, akaona namwangalia, akairudisha chini ya soksi.

Jumapili, 2 Februari

Kuna mpinzani. Ng'ombe.

Ni wa akina Tollefson, anaitwa Marigold, na wiki iliyopita amevunja rekodi ya maziwa ya wilaya nzima. Watu wamezungusha karatasi ya sahihi: aandikwe kwenye bango. Bango lina mstari mmoja tu wa jina. Maana yake iko wazi hata kwa ng'ombe mwenyewe.

Aliyeleta hoja barazani ni Curt. "Usinichukie, shemeji. Lakini yule hajawahi kuachwa na klabu yoyote."

Nimekwenda kumwona. Nilitaka kumdharau. Nilisimama zizini dakika arobaini nzima.

Alhamisi, 6 Februari

Sheldon: harufu inaendelea. Kutoka wapi, hasemi.

Mezani Verlyn hakugusa viazi. Baraza lina watu saba. Watatu wako upande wangu, watatu wako upande wa Marigold. Wa saba ni yeye.

"Siwezi kupiga kura kwa sababu ya damu, Denny."

"Mimi si damu yako, mzee. Mimi ni mkwe tu."

"Hilo ndilo linalonitesa," alisema, na akaondoka mezani. Arlys anasema hajawahi kumwona akiacha viazi, hata siku aliyostaafu.

Ijumaa, 7 Februari

Naandika nyuma ya karatasi ya ajenda. Ukumbi wa baraza, kiti cha nyuma, Britta kushoto kwangu. Mkutano umeanza saa kumi ili mtu yeyote asikose samaki wa kukaanga wa Ijumaa. Wamejadili chumvi ya barabarani nusu saa. Mimi nimewekwa chini ya "Mengineyo."

Saa kumi na dakika arobaini na moja. Louisville sijawajibu. Simu iko mfukoni, nimeizima sauti, naihisi kama jino bovu.

Mzee Tollefson amesema ng'ombe wake hana makuu. Bi. Haugen wa maktaba amesema mimi pia nilikuwa mtoto mzuri. *Nilikuwa.* Curt amesema mji unahitaji jina litakalodumu mpaka masika. Watu wamecheka, na mimi pia nimecheka, kisha nikaona Britta hacheki. Amemtazama kaka yake kwa lile jicho la darasa la tatu. Curt amekaa.

Watatu kwa watatu. Kama ilivyotarajiwa.

Saa kumi na dakika hamsini. Verlyn amesimama. Miwani mkononi. Kibao cha BUFFALO kiko mezani mbele yake. Amekitoa leo asubuhi na hajatundika kingine. Bango liko wazi huko nje: NYUMBANI KWA DENNY KOWALKE WA, na ndoano mbili.

Amesema hivi: kabla hajapiga kura angependa kumsikia mtu mmoja. "Denny ana jicho la kupima. Wakubwa wa Louisville wenyewe wanalisema. Na nasikia alikwenda zizini. Denny, tuambie. Yule ng'ombe vipi?"

Ukumbi mzima umegeuka. Nimeomba dakika moja. Wanadhani naandika hotuba.

Fomu yake nilishaijaza tangu wakati wa chumvi, mkono wenyewe tu, kwa mazoea. Iko hapa hapa juu ya ukurasa:

Miguu: 70. Utulivu: 80, sijawahi kumpa mtu. Tabia: 80. Umri: miaka minne, bado anapanda kiwango. Kasoro: anamkanyaga mgeni.
Yuko tayari kuchukua nafasi ya nani?

Simu imetetemeka. Mara ya kwanza, ikanyamaza. Tena. Inaweza kuwa harufu ya Sheldon. Inaweza kuwa Louisville. Dakika nane zimebaki. Sijaitoa mfukoni.

"Denny?" anaita Verlyn. Sauti yake ni ya mtu aliyeshika barua isiyo na mlango.

Nikaanza kuandika jibu, na Britta akalaza kiganja chake juu ya karatasi, pale pale, kwa nguvu. "Acha wazi," ananong'ona. "Safari hii acha wazi, tafadhali." Yeye! Mwenye mapazia!

Naandika pembeni ya vidole vyake. Simu bado inatetemeka. Ameinua kiganja kidogo achungulie, na herufi za mwanzo, Y, A, N, tayari zimemwachia wino mkononi.