Pua ya Zamzam

Jumanne, 10 Juni
Zamzam ameamka uso umevimba, mto umelowa mate. Kama kawaida. Nimemvisha sare, nimevaa yangu nyeupe ya trafiki, tumeshuka kilima cha Kibuli huku anasinzia anatembea. Miaka minane, hatua za mzee.

Saa nane mwalimu kapiga simu. Analala darasani kila siku. Akiendelea hivi, mwakani atarudia darasa la tatu. Kauliza kama tunamkesha na televisheni. Nimekasirika. Televisheni yetu mbovu, na mtoto analala saa mbili.

Ijumaa, 13 Juni
Kansanga, kwa daktari wa meno. Nimempeleka Zamzam kwa ajili ya meno ya mbele yanayogombania nafasi. Nilidhani ataweka waya, basi. Kabla ya meno kamtazama alivyokaa, mdomo wazi. Kauliza: anakoroma? Nikajibu: anamshinda baba yake aliye kazini Gulu.

Anasema kaakaa limekuwa jembamba. Mtoto anapumulia mdomo, ulimi haukai juu, taya halipanuki. Usingizi nao unakatikakatika. Waya baadaye, kwanza pua. Kanipa barua ya daktari wa pua, Jumatano.

Nimejiona mjinga. Miaka yote nilimsikia anakoroma, nikacheka.

Jumapili, 15 Juni
Sikuweza kungoja Jumatano. Nimeona video kwenye simu: funga mdomo, pua itajifunza yenyewe. Zamzam alipolala mchana nimechukua mtandio wangu mweupe, nimepitisha chini ya kidevu, nimefunga fundo utosini. Mama yangu, tunayeishi naye, katoka kuswali, kachungulia. Yowe lake nadhani limefika msikitini.

"Unataka kuzika mtoto yangu?"

Hapo ndipo nilipoona. Kitambaa cheupe, taya limefungwa, macho yamefumba. Hivyo ndivyo tulivyomfunga marehemu baba. Nimefungua fundo haraka. Mtoto alikuwa anahangaika kutafuta hewa. Nimejichukia.

Jumatano, 18 Juni
Daktari wa pua ni kijana mpole. Nimemwambia habari ya mtandio, afadhali kusema. Hakunicheka. Pua iliyoziba haifundishwi kwa kufunga mdomo, nisirudie kamwe. Ndani kumevimba, na nyama ya nyuma ya pua imekua. Kauliza: mnapikia kuni ndani? Hapana, gesi. Kuna mvuta sigara? Hakuna. Nimejibu kwa maringo.

"Afande, na hii harufu mzuri kwa nguo yako inatoka wapi?"

Nikajisifu. Nikamweleza sisi Wanubi, udi wa mama yangu, sandali na sukari na marashi, anavyofukiza kila magharibi, chumba cha Zamzam kwanza kwa kuwa ndiye kipenzi, madirisha yamefungwa moshi usipotee. Akaweka kalamu chini.

Wiki nne bila moshi. Dawa ya kupuliza. Kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Isipofunguka, upasuaji.

Alhamisi, 19 Juni
Nasimamisha malori kwa kiganja kimoja. Mama yangu simuwezi. Kasema kalea watoto saba kwa huo moshi na wote wanapumua. Kafunga chetezo kwenye khanga, kapanda gari la Bombo, kwa dada yake. Zamzam analia. Na mimi.

Ijumaa, 27 Juni
Vita kila jioni. Hataki maji puani. Anapaliwa, anatapika, ananipiga teke. Leo nimemfokea kama dereva wa boda. Bado anakoroma. Mwalimu kaandika tena kwenye daftari. Kisu cha upasuaji nakiogopa.

Jumapili, 29 Juni
Mama karudi. Hakuomba radhi, wala mimi. Kanikuta na bomba la sindano na bakuli, kaninyang'anya vyote. Kamkalisha Zamzam kwenye kigoda cha kutawadhia.

"Hii si dawa. Ni udhu tu. Mara tatu, kama mimi nafundisha wewe."

Kiganja cha maji vuguvugu. Zamzam kavuta, kapenga. Mara tatu, bila chozi. Yaani udhu. Mtoto anafanya kila siku, na mimi nimemkimbiza na bomba siku kumi!

Sasa Mama anafukiza nguo zake tu, nyuma ya nyumba, halafu anaziacha upeponi. Najua imemuuma. Namwonea huruma, na nashukuru.

Jumanne, 8 Julai
Mwalimu kapiga. Nimedhani analalamika tena. Zamzam kasoma ukurasa mzima mbele ya wenzake, bila kusinzia. Mdomo bado unafunguka usingizini. Sishangilii.

Jumatano, 16 Julai
Kwa daktari wa pua tena. Uvimbe umeshuka, hewa inapita. Nyama bado ipo ila hakuna upasuaji kwa sasa. Meno hayajanyooka, na hayatanyooka yenyewe. Waya utakuja kwa wakati wake, na sasa taya lina nafasi ya kukua vizuri. Mama kauliza mara mbili: hakuna kisu? Hakuna.

Jumapili, 20 Julai
Siku ya mapumziko. Manyunyu. Nilikuwa nakunja nguo, Mama anasoma Kurani. Zamzam kaita kutoka kitandani, mlango umerudishwa.

"Mama, maziwa inaungua."

Nimekimbia jikoni. Kweli, yameshika chini ya sufuria. Mtoto huyu sijawahi kumsikia akisema amenusa kitu katika nyumba hii. Nimesimama na mwiko mkononi, machozi yananitoka. Mama kaja, katazama sufuria, kanitazama mimi, hakugomba.

Tumekunywa chai ya rangi, wote watatu.