Mashine ya Baba Isiuzwe Kwanza

Tanga, Jumapili

Kwako dada yangu Mwajuma,

Assalamu alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na goti la mama liwe limepata nafuu licha ya hiyo baridi ya huko milimani Gashoho. Mimi sijambo, ila joto la huku halina adabu. Shati nililovaa asubuhi, mchana nalikamua.

Juzi nilipokupigia kukuambia usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu mashine ya kusaga ya marehemu baba, ulinifokea: "Weye Issa! Wiki ile ulisema niuze, leo unasema ningoje. Moteri iko yako ao iko yangu?" Mtandao ukakatika. Haki yako kukasirika. Mimi ndiye niliyekubaliana na yule fundi uliyemwita mashine ilipoanza kuzidiwa na mahindi, aliyepima kompresheni, yaani nguvu ya injini kukandamiza hewa. Geji yake ilisoma ishirini na tano, kitabu cha injini hiyo kinataka thelathini, akasema imekufa. Sasa sikia kilichonigeuza.

Karakana yetu ililetewa boti yenye injini ya dizeli ya silinda tatu, imekaa ndani, chini ya mbao za sakafu. Mwenyewe analalamika kwamba asubuhi haiwaki mpaka ibembelezwe. Nikapewa kazi ya kuipima. Nikatoa nozeli zinazopuliza dizeli, nikafunga geji yangu niliyokuja nayo kutoka karakana yangu ya zamani ya Gitega, tukazungusha kwa stata. Silinda mbili zikatoa ishirini na tano, ya tatu pungufu kidogo. Nikafurahi! Zikikaribiana hivyo, si rahisi iwe valvu moja inavuja au gaskiti imepasuka kati ya silinda mbili. Na Gitega, gari lililotoa namba hiyo tulilirudisha barabarani. Nikatangaza mbele ya watu kwamba injini ni nzima.

Mzee Shomari, mkuu wetu, akatikisa kichwa. "Zinalingana, ndiyo. Zimechoka pamoja." Akaniambia nitie oili kidogo, kijiko tu, katika kila silinda, nipime tena. Namba zikapanda. Maana yake ringi za pistoni zimelika, na oili ilikuwa imeziba pale hewa ilipopenyea. Zisingepanda, tungezishuku valvu.

Nilibisha, unanijua. Tukaichukua geji yangu tukapima injini mpya ya aina ile ile: thelathini. Kumbe geji haina kosa. Basi kwa nini namba ya mzima kule Gitega iwe namba ya mgonjwa hapa Tanga? Swali hilo lilinikaa kichwani hata kula nikawa nakula nusu.

Jibu lilikuwa kwenye sufuria. Tangu nifike huku maharage yangu yanageuka uji, kwa sababu nayapika kwa muda wa nyumbani. Nikakumbuka mwalimu wetu wa Muyinga alivyotufundisha kwamba milimani hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla hayajapata moto kamili, ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva. Nikaacha kijiko. Injini nayo inavuta hewa hiyo hiyo! Ukikandamiza hewa nyepesi ya Gashoho, huwezi kupata namba ya mtu anayekandamiza hewa nzito ya pwani. Mimi nilileta kipimo cha mlimani baharini, na fundi wako alipandisha kipimo cha bahari, kile cha kitabuni, mlimani. Tumekosea wote wawili.

Lakini namba peke yake haitoshi, na mimi siioni mashine. Iwashe asubuhi ikiwa baridi. Ikiwaka upesi bila moshi wa buluu, haijafa. Kule kuzidiwa na mahindi kunatoka kwingine, safisha chujio la dizeli na uangalie mkanda kama unateleza. Ikigoma mpaka ibembelezwe kama hii boti, basi nimekosea tena. Uza, sitafungua mdomo.

Nisalimie mama, shemeji yangu anayebeba magunia kwa baiskeli, na shangazi muuza sambusa wa Muyinga. Mwambie sambusa za huku hazifikii zake.

Barua hii nampa dereva wa lori anayekuja huko. Asubuhi utakayoiwasha, nipigie kwanza, uiweke simu juu ya gunia, halafu usiseme kitu. Tangu tumzike baba sijaisikia mashine ile. Naiogopa asubuhi hiyo, na naitamani.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Issa