Springi ya Upande wa Dereva

Athumani mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Nguvumali tu wazima, na bibi yako bado ananikosoa. Eti springi za nyuma za pikapu yako zimelala, nawe unataka kubadilisha moja tu? Na maduka yalivyojaa siku hizi? Ah!

Enzi za uhaba, mimi, fundi wa mafundi, nilipata moja. Nikaifunga kwenye pikapu yangu, upande wangu wa dereva, nikaenda Maramba kumchukua mama yake bibi yako, aje aone kama nafaa kuoa. Akashuka kajishika kiuno: "Mwanangu, wewe umejiinua, mgeni umemzamisha. Binti yangu utamkalisha wapi?"

Siku ya kumrudisha nikaifungua ile mpya, nikarudisha ile kuukuu, tukazama sote wawili. Akacheka mpaka kwao, akanipa mke.

Nunua mbili, bwana, usinitie aibu!

Babu yako