Mkono Niliouvuta Wakati wa Sala

Jumanne, 14 Januari. Theluji tangu alfajiri.

Verlin na Janelle,

Supu iko jikoni, ipasheni moto. Matango ya siki fungueni wenyewe, kifuniko kimenishinda.

Asubuhi tuliposhikana mikono kusali, niliuvuta wangu. Verlin mkwe wangu, ukamwambia Janelle, "Mama yako leo kamnunia hata Mungu." Iliniuma. Sikununa, ulinibana vidole vilivyovimba. Ni baridi yabisi, daktari alinithibitishia Ijumaa. Mungu nilimwambia, ninyi nikawaficha.

Naenda darasa langu la kusoma na kuandika. Mwandiko ukipinda, msimlaumu mwalimu wangu. ~~Kuleni, msinisubiri.~~ Nisubirini tusali pamoja, ila mnishike kiwiko.

Jirani yetu Odette amekuja kunichukua. Nimemsomea haya kwa sauti, yeye na mbwa wake ni mashahidi: sitawaficha tena maumivu.

Mama