Ile Haikuwa Pekadilo

Mama,

Ni miezi minne sasa tangu ututoke. Hapa Ladywood, huku Uingereza, lifti imetengenezwa, hatimaye, baada ya wewe kupanda ngazi zile zote ukiitukana kwa Kikamba. Mwanangu Mutua amenipita kimo. Nikimsemesha Kiswahili bado ananijibu kwa Kiingereza.

Unakumbuka siku mjukuu wako alipotoka shule na neno jipya, pekadilo, nawe ukalishika kabla yangu? Jana alinitafutia asili yake kwenye simu. Ni Kihispania, eti dhambi ndogo. Waingereza wenyewe hawalitumii sana, ila wewe ulilitumia kila siku. Kuchuma majani ya maboga ya jirani bila kumwomba: pekadilo. Kusinzia mchungaji akihubiri: pekadilo. Kuingiza chapati wodini chini ya leso: "Hiyo ni pekadilo tu, mwanangu, Mungu ana kazi nyingine."

Basi nina langu la kuungama. Siku ile daktari alipotuita, aliuliza kama tunataka mkalimani. Nikasema hapana, mimi ni binti yake. Akasema ni saratani, imeshafika kwenye ini, zimebaki wiki chache. Nikakugeukia nikasema, "Anasema ni vidonda vya tumbo, Mama. Utapewa dawa." Ukaniangalia kidogo, ukamwambia daktari, "Thank you." Kwetu mgonjwa haambiwi. Ndivyo tulivyomfanyia Baba, na wewe ndiye uliyetuagiza. Nikajiona nimekusitiri.

Mwezi uliopita nilikutana sokoni na Achieng, yule nesi Mkenya wa wodi yenu. Kumbe kesho yake ulimwuliza, naye akakueleza yote! Anasema ulimwambia, "Usimwambie binti yangu kwamba najua. Ni pekadilo yake hiyo, mwachie."

Nililia pale pale mbele ya muuza samaki. Na nilikasirika, Mama, nisikufiche. Wiki tatu tulizungumzia mvua za Machakos na mahindi, kila mmoja akimlinda mwenzake. Sikukuuliza unataka kuzikwa wapi. Tulikusafirisha nyumbani kwa kukisia. Sikukuomba msamaha kwa ile miaka sita niliyokaa huku bila kuja nyumbani kukuona. Ungeweza kunibariki, na mimi ndiye niliyeufunga mlango.

Kwa hiyo hapa nakukatalia. Umenisamehe, asante, lakini kosa lenyewe umelipima vibaya. Halikuwa dogo.

Kesho kutwa nampeleka hospitali mama yake Mueni, yule rafiki yangu ninayesali naye. Mueni atakuwa kazini, ameniomba nitafsiri, na amenisihi majibu yakiwa mabaya nimwambie mama yake ni presha tu. Nimemjibu kwamba kwa masharti hayo siendi. Alininunia siku mbili, kisha akakubali.

Naogopa kidogo. Lakini nakuahidi hivi: kabla hatujaingia, nitamwuliza yule mama anataka kujua kiasi gani. Akitaka yote, nitampa yote, neno kwa neno, nimemshika mkono. Na tukitoka pale nitampigia Mueni aje wakae pamoja, wasemezane wakati bado upo.

Kwaheri, Mama. Nilipaswa kukuambia ukiwa unanisikia.

Binti yako,
Mwende