Laptop Yangu Inanukia Udi

Jumatano, Dunda. Joto tangu asubuhi, pazia halitikisiki.

Kwa masikitiko makubwa, naitangazia familia, majirani na wote wanaosubiri majibu ya barua pepe zao kwamba laptop yangu imelazwa kwa fundi. Ugonjwa ni homa. Ilifika mahali ningeiwekea birika juu, chai ingechemka.

Natania, lakini nimekuwa naogopa.

Kila ikipata moto, chumba kinanukia udi. Na chetezo cha humu hakijatiwa makaa tangu Rukia, mke wangu, afariki.

Juzi dada yangu Mwanaidi alikuja, akaishia mlangoni.

"Kaka, nani kafukiza humu?"

"Hakuna."

"Usinifanye mtoto. Huu udi wa wifi."

Akakataa kuketi. Akasema nimwite shehe aje asome. Nikamwambia shehe ataanza kwa kuniuliza kwa nini hanioni msikitini alfajiri. Hakucheka.

Tangu siku ile, kabla sijaifungua laptop, napiga hodi. Mtu mzima na mvi zangu.

Leo nikaipeleka kwa fundi. Akaifungua, akanionyesha feni: imeganda uchafu mweusi, unanata kama lami.

"Mzee, unavutia sigara juu yake?"

Sivuti. Ila nilijua.

Kila Alhamisi jioni Rukia alitia udi kwenye makaa, akatandaza kanzu yangu na kanga zake juu ya tenga, zipate harufu kwa ajili ya Ijumaa. Tenga lilikaa ubavuni mwa meza yangu. Mimi nachapa, nakohoa, nalalamika. Yeye anasema, "Kohoa, kesho utanukia."

Kumbe moshi wote ule feni ilikuwa ikiuvuta ndani.

Fundi akachukua brashi. Akasema isiposafishwa itaungua, na vilivyomo vitakwenda nayo.

Mwanaidi nimemwambia kwa simu kwamba imelazwa, inasafishwa, asiwe na wasiwasi. Nanyi nimewaambia hivyo hivyo hapo juu.

Si kweli. Haijalazwa popote.

Nilimshika fundi mkono. Nikamwomba anihamishie picha za Rukia kwenye flashi, kisha aifunge vilevile ilivyo.

"Itakufia mikononi, mzee."

Najua.

Ndiyo hii ninayoandikia, iko mapajani, inaunguza. Nimepiga hodi kama kawaida. Feni inaunguruma, na chumba kimeanza kunukia.