Bahasha ya Wanjiru

Jumanne

Sijamwambia bado. Nimekula ugali wake, nikasifu mboga.

Wanjiru, binti ya marehemu kaka yangu, anataka kuhamia chuo cha Kanada amalizie digrii huko. Leo alikuwa na mtihani, akanituma mjini, chuoni kwake, nimchukulie alama zake za miaka miwili. "Anko, bahasha isifunguliwe. Muhuri ukipasuka Kanada hawaichukui, na mwisho ni Ijumaa." Nikamwambia mimi nimebeba barua za mabalozi kule Spring Valley. Ukweli ni kwamba kule nilikuwa nakata nyasi tu.

Nikirudi nyumbani Mutuini nikashuka Dagoretti Corner, nikaingia kwa Otieno kinyozi. Nikasema huyu wetu ana A tupu. Otieno akaweka mashine chini. "Mzee, si ni wewe ulituambia ulimfundisha rubani kutua? Leo tuonyeshe hizo A."

Nikapasua bahasha, mbele ya watu sita. A zilikuwepo, zote. Wakapokezana karatasi, nami nikasimama pale kama gavana, mpaka nikaona muhuri umekatika katikati.

Nimejaribu kuubandika, lakini gundi ya viatu imeharibu zaidi.

Nimeshatunga hadithi tatu: ya mwizi, ya mvua, ya kanjo, wale askari wa jiji. Zote tamu, na yoyote nitakayompa ataamini. Nyumba hii yote, yeye peke yake ndiye huniamini.

Lakini chuo hakitoi ya pili bila yeye kwenda mwenyewe na hii iliyopasuka, na inafaa awe kwa foleni kesho asubuhi.

Bado anaosha vyombo. Wacha nimpelekee bahasha vile ilivyo, bila hadithi.